Kobe-sanduku amegoma kula? Pima joto kwanza

Sahani ikikaa siku tatu bila kuguswa, wengi hukimbilia kubadilisha chakula: leo sitroberi, kesho nyama, keshokutwa chakula cha paka. Kobe naye anazidi kujifungia ndani ya gamba. Mara nyingi chakula hakina kosa. Mwili wa kobe-sanduku (kwa Kiingereza box turtle, kobe mdogo anayeweza kujifunga kabisa ndani ya gamba) hupata joto kutoka mahali alipo, na akiwa na baridi hata usagaji wa chakula hudorora. Njaa haiji, na akila hivyo hivyo chakula kinaweza kukaa tumboni mpaka kikaoza.

Kwa hiyo nunua vipimajoto viwili. Kimoja kiweke chini ya taa ya joto, usawa wa mgongo wa kobe; kingine upande wa kivuli. Chini ya taa nataka nyuzi 29 hadi 31 za Selisiasi, kivulini 22 hadi 24. Kobe mzima anavumilia usiku wa nyuzi 18, lakini aliyegoma kula nisingependa ashuke chini ya 22. Kile kipimajoto cha kubandika kwenye kioo kinapima kioo, usikitegemee.

Taa ya UVB, yaani ya miale ya urujuanimno kama ya jua, iwake kwa muda wa saa 12 kila siku, kwa umbali ulioandikwa kwenye pakiti yake. Kioo na plastiki huzuia miale hiyo, hivyo jua la dirishani halitoshi. Taa hiyo pia huishiwa miale wakati bado inang'aa kama mpya. Ukikosa kifaa cha kuipima, ibadilishe kila baada ya miezi 6 hadi 12.

Unyevu wa hewa uwe asilimia 60 hadi 80, na udongo uwe na kina cha sentimita 10 au zaidi ili aweze kujifukia. Kobe asiye na pa kujificha hukaa na hofu mchana kutwa, na mwenye hofu hali. Aliyehamishiwa nyumba mpya anaweza kususa wiki mbili kwa sababu hiyo tu. Kila ukimwinua kumkagua, unamrudisha nyuma.

Maji yanastahili uangalifu kuliko chakula chenyewe. Kila asubuhi mweke kwenye beseni la maji ya vuguvugu, nyuzi 27 hadi 29, kina kisifike kidevuni, kwa dakika 20 hadi 30. Kaa karibu. Wengi hunywa humo na kujisaidia humo humo, na baada ya hapo hamu huanza kurudi. Mwili uliokauka haukabili chakula vizuri, ndiyo maana maji hutangulia.

Sasa ndiyo zamu ya chakula. Subiri saa moja au mbili baada ya taa kuwaka, nyunyizia udongo maji kama mvua, kisha weka nyungunyungu mmoja au wawili walio hai mbele yake, uondoke. Kinachomwamsha ni mwendo wa mawindo, harufu, na rangi nyekundu au njano. Konokono, nyenje, uyoga wa kuliwa na papai lililoiva pia huvuta. Nyungunyungu wasitoke shamba lililopuliziwa dawa.

Akianza kula, usimwache azoee kitu kimoja. Katakata mboga ndogo ndogo kabisa, changanya na nyungunyungu waliokatwa ili asiweze kuchagua, na kila wiki ongeza mboga kidogo. Kwa kobe mzima lenga karibu nusu wadudu na nyungunyungu, nusu mimea, matunda yasizidi sehemu moja ya tano ya chakula chote. Watoto wanahitaji nyama zaidi. Boga, karoti na viazi vitamu vilivyopikwa viwepo mara kwa mara kwa ajili ya vitamini A. Unga wa kalisi usio na fosforasi nyunyiza kidogo mara mbili au tatu kwa wiki. Mchicha usiwe wa kila siku, kwa kuwa hushika kalisi isifyonzwe mwilini. Parachichi usimpe kabisa.

Usimfungue mdomo kwa nguvu. Gamba la tumbo lina bawaba, anajifunga kabisa, na ukilazimisha utamvunja mdomo au kumtia hofu ya wiki nzima. Kumlisha kwa mrija ni kazi ya daktari wa wanyama anayewajua reptilia.

Siku zinapofupika kuelekea majira ya baridi, kobe mwenye afya anaweza kupunguza kula, hilo ni la kawaida. Tofauti utaiona kwenye mizani ya jikoni: mpime kila wiki. Wa gramu 450 akifika 405 amepoteza moja ya kumi, usingoje tena. Usingoje pia ukiona mapovu puani, anahema mdomo wazi, gamba limekuwa laini, domo limerefuka mpaka halishiki chakula, au uvimbe kando ya kichwa nyuma ya jicho. Kope zilizovimba mara nyingi ni upungufu wa vitamini A, na asiyeona chakula hali. Hata hivyo usimdunge vitamini hiyo mwenyewe, kwani ikizidi ngozi hubambuka. Unapokwenda kwa daktari beba orodha ya uzito, vipimo vya joto, na kinyesi cha siku hiyo kwenye kopo lenye mfuniko, kisikauke, ili minyoo itafutwe.