Vikombe vinne vilivyobadilisha upimaji wa udongo wa Mirihi

Mimi ni mkemia wa udongo, na ninapowafundisha vijana kupima chumvi, mfano wangu wa kwanza ni Phoenix, chombo cha NASA kilichotua kaskazini ya mbali ya Mirihi tarehe 25 Mei 2008. Wengi hukikumbuka kwa barafu. Mimi nakienzi kwa vikombe vyake vinne vya maji.

Barafu haikuchelewa kuonekana. Mkono wa chombo, wenye urefu wa mita 2.35, ulichimba sentimita chache tu ukakuta kitu cheupe. Chumvi au barafu? Vipande vilivyopigwa picha mtaroni katikati ya Juni vilikuwa vimetoweka siku nne baadaye, na chumvi haitoweki hivyo. Hewa ya kule ni nyembamba na kavu mno, kwa hiyo barafu ikifunuliwa hugeuka mvuke bila kuwa maji kwanza. Mwisho wa Julai vitanuri vya chombo vilithibitisha. Kuvijaza ndiko kulikosumbua: udongo wa mabongemabonge uligoma kupita kwenye chujio, na barafu iliyokwaruzwa ilinata kwenye kijiko cha kuchotea.

Sasa vikombe. Kila kimoja kilitengewa mililita 25 za maji kutoka duniani na udongo wa kama sentimita moja ya ujazo. Kutani kumepangwa elektrodi, yaani vihisio vya umeme, kila moja na ayoni yake: chembe yenye chaji itokayo kwenye chumvi iliyoyeyuka. Ile iliyofuatilia naitreti ilitoa ishara kubwa kupindukia. Ingekuwa naitreti kweli, uzito wake ungezidi udongo wote uliotiwa kikombeni. Namba kama hiyo hairekodiwi ikaachwa. Unauliza: elektrodi hii huhisi nini kingine? Huhisi pakloreti, ayoni ya klorini na oksijeni, tena kwa ukali zaidi. Ilikuwa kama nusu asilimia ya uzito wa udongo.

Pakloreti ikipashwa moto huachia oksijeni, na oksijeni hiyo huunguza mabaki ya kaboni, yale yanayotafutwa kama dalili ya uhai, kabla hujayaona. Vyombo vya Viking, vya NASA vilivyotua Mirihi mwaka 1976, vilipasha udongo moto vikapata gesi chache zenye klorini, zikadhaniwa ni masalia ya dawa za kusafishia za duniani. Mwaka 2010 Rafael Navarro-González na wenzake walichanganya udongo wa jangwa la Atacama na pakloreti, wakaupasha, na gesi za aina hiyo zikatoka. Huo si ushahidi wa uhai, na wataalamu bado wanabishana. Lakini kwangu unatosha kuonyesha kwamba matokeo ya tanuri peke yake hayawezi kuwa neno la mwisho kuhusu kaboni ya Mirihi.

Roboti Curiosity, iliyotua mwaka 2012, ina vikombe 74 vya sampuli. Vyenye vimiminika vya kemikali ni 9 tu. Ningekuwa na sauti, ningeomba chombo kitakachofuata kipewe vingi zaidi.