Je, wajua? Kwa nini Mkristo wa Kigoma huanika dagaa Jumapili bila kuvunja amri

Kengele inalia, na kwenye mialo ya Kibirizi au Katonga, mjini Kigoma, dagaa bado wanamwagwa kwenye chanja. Anayepita huhukumu haraka: hawa wameitupa siku ya Bwana. Dhana hiyo imejengwa juu ya sheria ambayo haijawahi kuwepo kwa namna hiyo. Mwaka 321 Kaisari Konstantino alipoamuru mapumziko ya Jumapili, aliwalenga mahakimu, wakazi wa mijini na mafundi. Wakulima aliwaruhusu wafanye kazi, kwa kuwa siku nzuri ya kupanda nafaka au mizabibu ikipita huenda isirudi. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983, kanuni ya 1247, inakataza kazi zinazozuia ibada na pumziko, na katekisimu yake inakubali udhuru wa mahitaji ya familia. Yesu mwenyewe aliuliza nani asingemtoa ng'ombe wake kisimani siku ya Sabato (Luka 14:5).

Dagaa ni ng'ombe huyo. Aliyevuliwa usiku wa Jumamosi hufika ufukweni alfajiri, na kwa joto la Kigoma huanza kulainika na kupasuka tumbo ndani ya saa chache. Akitandazwa mapema, safu moja tu, na kugeuzwa, jua kali humkausha kwa siku moja. Akirundikwa huoza katikati. Akinyeshewa huota ukungu. Akianikwa mchangani hubeba mchanga, na bei huanguka.

Basi si wavue usiku mwingine? Hapo mwezi unaingilia. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa: taa huvuta vijidudu vya majini, dagaa huvifuata, wavu huinuliwa. Chini ya mwezi mpevu taa hiyo ni kibatari juani: inawaka, lakini haimwiti mtu. Samaki wapo, ila wametawanyika. Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama. Kila siku baadaye huchelewa dakika 50 hivi, kwa hiyo siku ya nne giza hudumu hadi karibu saa 4 usiku. Usiku wa kuvua una hesabu, na hesabu hiyo haijui Jumapili.

Ruhusa yenyewe ni finyu. Inamhusu samaki atakayeoza, si kushona nyavu wala kudai madeni, na ibada ya asubuhi haifutwi: lazima mtu abaki kwenye chanja, wenzake waende, kisha wapokezane.

Wasabato wana hesabu nyingine kabisa. Wao hupoteza usiku wa Ijumaa, lakini Jumamosi jua likizama wako huru kuingiza mtumbwi majini.