Kituo cha masomo ya Ubuddha: dhana na ukweli

“Ameshanyoa kipara?” Ndilo swali la kwanza akitajwa mtu anayesoma kwenye kituo cha utafiti wa Ubuddha. Wengi hudhani huko ni kunyoa kama watawa wa Kibuddha, kukunja miguu, kufukiza udi na kubadili dini.

Kinachokunjwa huko ni mgongo, juu ya kitabu cha sarufi. Kuna Kipali na Kisanskriti, lugha za kale za India, halafu Kitibeti au Kichina cha kale. Imani ya msomi ni shauri lake. SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika cha London, ina kituo cha namna hiyo, na chuo hichohicho kimehifadhi miswada ya tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Sijasikia mtafiti wa tenzi akiulizwa kama amesilimu.

Dhana ya pili: Wabuddha wana kitabu kimoja, kilishasomwa, kimekwisha. Thubutu! Mkusanyo wa Kichina uitwao Taishō, uliochapwa Japani kati ya 1924 na 1934, peke yake una juzuu 100. Watibeti wana wao, na Sri Lanka, Thailand na Myanmar wanafuata ule wa Kipali. Na bado vingine vinafukuliwa. Mwaka 1994 Maktaba ya Uingereza ilipokea mitungi ya udongo na magombo ya magome ya mti kutoka Gandhara, upande wa Pakistan na Afghanistan ya leo, yenye umri wa miaka elfu mbili hivi. Yalikuwa makavu kiasi kwamba ukiyakunjua yanageuka unga. Yakalazwa kwenye unyevunyevu usiku kucha, ndipo yakafunguliwa taratibu kwa kibano na kubanwa kati ya vioo. Mwaka 1996 Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, kikaungana na maktaba hiyo kuyasoma. Hapo mtu anahangaika na nusu neno, nusu ya pili imebaki kwenye kipande kingine, au haipo kabisa.

Tatu, kwamba kituo kikibeba jina la chuo basi ni mali ya chuo. Kile cha Oxford, kilichoanzishwa 2004 na Profesa Richard Gombrich, kinajitegemea. Chuo kinakitambua tu, na shahada hutolewa na chuo. Fedha za masomo haya mara nyingi hutoka kwa waumini. Yehan Numata, Mjapani mwenye kampuni ya Mitutoyo (mafundi wa karakana wanazijua mikromita zake), alianzisha mwaka 1965 taasisi iliyokuja kufadhili viti vya uprofesa Oxford, Harvard na kwingineko. Mwenye kutaka kushuku aanzie hapo, aulize mfadhili ana sauti gani kwenye utafiti. Kipara hakimhusu.

Na yule babu mnene anayecheka, anayeuzwa kwenye maduka ya mapambo? Siye Buddha. Ni Budai, mtawa wa Kichina.

Anayetaka hekalu lenyewe hana haja ya viza. Lipo Upanga, Dar es Salaam, kazi ya Wasinhala waliotoka Sri Lanka enzi za ukoloni, na mti wa bodhi, mti mtakatifu wa Wabuddha, uani.