Ukienda kuhoji bendi, kwanza uliza vyombo ni vya nani

Nimehoji bendi za hapa Dar kwa miaka mingi sasa, dansi zaidi, taarab kidogo, na siku hizi mpaka vijana wa singeli, na swali ninaloulizwa sana na wadogo zangu wanaoanza kuandika muziki ni hili: unamuuliza nini mwanamuziki mpaka anafunguka? Jibu langu halijabadilika. Usianze na wimbo, usianze na historia ya jina la bendi, na ile habari ya nani mkali kati ya Msondo na Sikinde, zile bendi mbili kongwe za dansi, iache kabisa maana wameshaulizwa mpaka wamechoka. Anza na vyombo. Yaani magitaa, amplifaya, dramsi, tumba, spika, maiki, nani alinunua, vinalala wapi, na siku bendi ikivunjika vinabaki kwa nani. Ukishapata jibu hapo, mengine yote yanakuja yenyewe, kwa nini fulani alihama, kwa nini bendi ilikaa kimya muda mrefu halafu ikaibuka na jina jipya, na kwa nini mzee ambaye sauti yake nchi nzima inaijua bado anaishi chumba cha kupanga.

Ngoja nieleze vizuri maana wengi mmekulia enzi ya kompyuta, ambapo kijana ana laptop na maiki moja na keshakuwa na studio. Miaka ya 60 na 70 mambo hayakuwa hivyo. Gitaa la umeme lilitoka nje, fedha za kigeni zilikuwa ngumu, na baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 uchumi mkubwa ulikuwa mikononi mwa serikali na mashirika yake, kwa hiyo mwenye uwezo wa kuagiza seti nzima ya vyombo mara nyingi alikuwa ni taasisi. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, vyombo vya chama, wanamuziki wameajiriwa na wanalipwa mshahara wa mwezi. Chama kikibadilika jina na bendi inabadilika, ikawa JUWATA Jazz, ikawa OTTU Jazz, mpaka baadaye sana ndio ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Na haikuwa peke yake. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo kilikuwa na Urafiki Jazz, shirika la mabasi lilikuwa na UDA Jazz, shirika la bima lilikuwa na Bima Lee, umoja wa vijana ulikuwa na Vijana Jazz, polisi wana yao, jeshi wana Mwenge Jazz.

Sasa ukikaa na mzee aliyepiga kwenye bendi za aina hiyo halafu ukamuuliza ndoto yake ya muziki ilikuwa nini, atakujibu kwa heshima tu, majibu mafupi. Muulize alianza kazi na mshahara gani, nani alimsainisha, likizo ilikuwaje, sare alishona nani, gari la kuwarudisha nyumbani usiku lilikuwa la nani. Hapo utamwona anavuta kiti. Kwa sababu kwake ile ilikuwa kazi, ana mwajiri, ana bosi, ana wenzake waliofukuzwa na waliopandishwa, na muziki wenyewe umekaa ndani ya hayo yote.

Chukua Sikinde, ndiyo hiyo bendi ya Mlimani Park. Ilianza mwaka 1978 na wanamuziki waliotoka bendi nyingine, wapo waliotoka Dar International, na waimbaji Muhidin Gurumo na Hassan Bichuka wakatokea JUWATA. Mwanzoni ilikuwa chini ya kampuni ya usafiri na teksi, Tanzania Transport and Taxi Services, halafu mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC kwa kifupi cha Kiingereza, ndio unapata DDC Mlimani Park. Miaka miwili tu mbele, 1985, mfanyabiashara Hugo Kisima anaunda bendi ya International Orchestra Safari Sound, ana vyombo, ana hela, na Gurumo na Bichuka ni kati ya waliohamia huko. Mashabiki mpaka leo wanaisimulia habari hii kama usaliti, na mimi huwa nawatetea hawa wazee kwa nguvu zote, maana mtu asiye na chombo hata kimoja chake, ambaye kitu pekee anachomiliki ni koo au vidole, unategemea afanye nini akiitwa kwenye maslahi mazuri zaidi? Mwimbaji Shaaban Dede alipita Bima Lee, Sikinde na Msondo, na wako wengi waliozunguka hivyohivyo. Kuhama ndio ilikuwa njia yao ya kudai nyongeza ya mshahara.

Upande wa pili kuna bendi ya Maquis, wale ndugu zetu waliotoka Zaire, Kongo ya leo, wakaweka kambi hapa Dar miaka ya 70. Hawa walikuwa na kampuni yao, OMACO, wanamuziki wenyewe wakiwa ndani yake, na ukiongea na mtu aliyepita kule utasikia kabisa lugha tofauti, anasema "tuliamua", "tulinunua". Mwenzake wa bendi ya shirika anasema "tuliletewa". Na mwimbaji Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu kule Kongo, aliyekuja Dar mwaka 1978, safari za Ulaya na tamasha la WOMAD mwishoni mwa miaka ya 80 zilimfikisha kurekodi na kampuni ya muziki ya Real World ya Uingereza, kitu ambacho wenzake wengi wenye vipaji vikubwa hawakukipata. Alifariki Desemba 2010 na kituo cha daladala pale Sinza kinaitwa kwa Remmy mpaka leo.

Ila vyombo ni nusu ya habari, nusu nyingine ni wimbo. Wimbo wa dansi ulitengenezwa mazoezini na watu wengi. Mtunzi anakuja na maneno na sauti ya kuimbia, mara nyingi hana hata gitaa, anaimba tu, halafu mpiga gitaa la solo anatafuta njia yake, ridhimu anajaza, bezi anashika chini, wapulizaji wanapangiwa vipande vyao, na mwishoni kuna ile sehemu ya kuchangamka, chemko, ambapo magitaa na tarumbeta ndio wanabeba kila kitu. King Michael Enoch, aliyepiga gitaa la solo Dar es Salaam Jazz na baadaye saksafoni Mlimani Park, kazi yake imelala kwenye nyimbo chungu nzima ambazo watu wanazitaja kwa jina la mwimbaji. Halafu bendi inakwenda Radio Tanzania, barabara ya Pugu kama ilivyoitwa wakati huo, wanapiga wote kwa pamoja, mkanda unabaki redioni, mtangazaji anataja bendi, na wimbo unaanza kuzunguka nchi nzima kwenye kaseti zinazonakiliwa vibandani bila mpigaji kuona senti. Sheria ya hakimiliki tuliyonayo, iliyoleta COSOTA, chombo cha kusimamia haki za wasanii, ni ya mwaka 1999, na mwimbaji Marijani Rajabu alikuwa ameshafariki tangu 1995. Gurumo yeye alistaafu 2013 baada ya zaidi ya nusu karne ya kuimba, na mwaka huohuo gari alizawadiwa na Diamond Platnumz. Ilikuwa heshima kubwa kwa mzee na nilifurahi sana, lakini fikiria kwamba ilibidi gari litoke kwa kijana wa bongo fleva, sio kwenye nyimbo zake mwenyewe.

Kwa hiyo ninavyofanya mimi ni hivi, na hii njia naiamini kuliko kitu chochote nilichojifunza kwenye hii kazi. Naweka wimbo wa zamani kwenye simu, nabeba spika ndogo, tunausikiliza wote mpaka mwisho bila kuongea. Halafu naurudia, nasimamisha, namuuliza huyu wa solo nani, huyu wa ridhimu, wa bezi, wa tumba, hii tarumbeta ya pili. Mzee ambaye dakika kumi zilizopita alikuwa hakumbuki hata mwaka anaanza kutaja watu mmoja mmoja, na anakwambia kwamba hapa solo sio wa kwetu, wetu alikuwa anaumwa tukaazima mtu bendi nyingine, au hii sauti ya tatu unayoisikia ni ya mpiga dramsi. Hayo huyakuti kwenye jalada la kaseti wala popote. Halafu nenda kwa mtu wa pili aliyekuwepo, fanya vilevile bila kumwambia mwenzake kasema nini. Wakipishana, andika yote mawili.

Nenda mazoezini mchana, usiku ukumbini kuna kelele na kila mtu ana shabiki wake mezani. Kabla ya Ramadhani usimsumbue mtu, ni msimu wa vunja jungu na wanapiga kila kona, na Idd pia vilevile, ila katikati ya mfungo bendi nyingi zimepumzika au zinatengeneza nyimbo mpya, hapo ndio utapata muda wa mtu. Salamu ya mzee ni shikamoo kwanza, shughuli baadaye, na ukimwita mtu kutoka Mbagala mpaka Kinondoni basi nauli na chakula ni juu yako. Kitu nisichokubali ni zile stori za mkongwe aliyesahaulika, unampiga picha mbele ya ukuta uliobomoka, anaulizwa anajisikiaje, watu wanatoa machozi, kwisha. Muulize alisaini nini. Muulize nakala ya mkataba iko wapi. Hiyo inamsaidia yeye na inamsaidia kijana atakayesoma kesho.

Maana kijana naye yuko palepale. Bendi za kisasa mmiliki wa vyombo ndiye mmiliki wa bendi, ndio maana waimbaji kama Ally Choki wameonekana bendi ya Twanga Pepeta, wakatoka, wakarudi. Na kwenye bongo fleva gitaa limetoka ikaingia akaunti: nenosiri la YouTube analo nani, rekodi ni ya nani, jina la kisanii limesajiliwa na nani. Harmonize alipotoka WCB, lebo ya Diamond, mwaka 2019 alisema hadharani alitakiwa kulipa shilingi milioni 500 ili aachiwe. Wazee wangu wa dansi walielewa haraka sana habari ile, walikuwa wanaijua.

Kama unataka kuanza, anza na wapulizaji. Bendi nyingi za miaka ya karibuni zimeweka kinanda mahali pa tarumbeta na saksafoni, waliobaki ni wachache na wengi ni watu wazima. Na ukimpata mmoja, andika jina lake kamili lililopo kwenye kitambulisho pamoja na lile la stejini, bendi gani, na wimbo upi alipiga nini, kisha mwachie nakala. Siku familia yake ikienda kudai haki, lile la stejini peke yake halitawatosha.