Papa wa Réunion: wastani wa dunia haumlindi aliye majini

Kila likizo inapokaribia, watelezi wa mawimbi wanaojiandaa kwenda Réunion, kisiwa cha Ufaransa katika Bahari ya Hindi, hutuletea hoja ileile: papa huua watu wachache mno duniani kwa mwaka, ajali za barabarani huua wengi zaidi, kwa hiyo katazo la kisiwa kile la kuogelea na kuteleza ni woga wa wakubwa.

Kwamba vifo ni vichache ni kweli. Lakini wastani wa dunia umechanganya mamilioni ya waogaji ambao papa hata hawapiti karibu nao. Anayesubiri wimbi jioni karibu na mlango wa mto, mvua imenyesha na maji yamechafuka, hatari yake ni nyingine kabisa. Hapo ndipo anapowinda papa wa Zambezi (Carcharhinus leucas). Kati ya 2011 na 2019 papa waliua watu 11 katika kisiwa hicho kimoja, chenye wakazi wasiofika milioni moja.

Wapo wanaotuambia, "Mimi bahari naijua." Tunaheshimu uzoefu, lakini mmoja wa waliofariki mwaka 2011 alikuwa bingwa wa zamani wa Ufaransa wa kuteleza kwa ubao wa kulalia. Na Julai 2013 aliuawa kijana aliyekuwa akiogelea tu, mita chache kutoka nchi kavu.

Baada ya kifo hicho, tarehe 26 Julai 2013, mkuu wa serikali kisiwani alipiga marufuku kuogelea na kuteleza kwenye mawimbi ndani ya mita 300 kutoka ufukweni. Yaliyoachwa wazi ni maji ya pwani yaliyokingwa na miamba ya matumbawe, pamoja na maeneo maalumu yaliyowekewa alama na usimamizi. Ubao wa aina gani, au umbali gani umeingia ndani ya hizo mita 300, si utetezi. Faini iliyotangazwa wakati huo ilikuwa euro 38, na wapo waliotuuliza kama "inalipika". Kiwango cha faini hakipimi ukubwa wa hatari, tafadhali.

Kuhusu nyavu zilizowekwa kuzuia papa katika fukwe za Boucan Canot na Roches Noires: wavu kuwepo si ruhusa ya kuingia. Bahari ikichafuka wavu huweza kutoboka, na wapiga mbizi hawana budi kuukagua upya. Agosti 2016 bendera nyekundu ilikuwa inapepea Boucan Canot, wavu una tundu, na kijana mmoja aliyeingia alipoteza mkono na mguu. Bendera nyekundu ikipandishwa, hakuna mjadala na walinzi wa ufukwe.

Mwenzako aking'atwa, mtoe majini, funga kwa nguvu mkono au mguu, kati ya jeraha na kiwiliwili, kwa kamba ya ubao, usiilegeze, kisha piga 112. Damu ndiyo inayoua kwanza, kwa hiyo usisubiri gari la wagonjwa lifike ndipo ufunge.