Themostati haichemshi maji

Maji ya shawa yakitoka baridi, hukumu hutolewa papo hapo: "Themostati imekufa hiyo." Wenye nyumba husema hivyo, wapangaji husema hivyo, na kinachoudhi zaidi, hata mafundi husema hivyo kabla hawajafungua skrubu moja. Kwenye hita ya tangi, themostati ni swichi inayofuata joto: maji yakifikia kiwango ulichopanga inakata umeme, yakipoa inaurudisha. Basi, kazi yake ndiyo hiyo.

Kinachochemsha ni elementi, ule mrija wa chuma uliopindwa ndani ya tangi. Ukiichanganya na themostati utalipia. Mtu ananunua themostati mpya, inafungwa, maji yako vilevile, kumbe elementi ndiyo iliyokatika tangu mwanzo. Na kuipima si kazi kubwa kwa anayejua umeme: unazima kwenye swichi kuu, unahakikisha kweli hakuna umeme, unatoa nyaya, unaweka mita ya fundi kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Elementi nzima ya kilowati 3 inayotumia volti 230 husoma karibu omu 18. Mita isiposoma chochote, mwenye kosa umempata, na themostati haihusiki.

Wengine huizungusha themostati mpaka mwisho wakidhani maji yatapata moto upesi zaidi. Hayapati. Lita 100 kutoka nyuzijoto 20 hadi 60, kwa elementi hiyo ya kilowati 3, huchukua kama saa moja na nusu, uwe umepanga 60 au 75. Unachobadilisha ni mahali pa kusimama, mwendo ni uleule. Hata pasi hufanya hivyo, na hakuna anayeilalamikia.

Kuna kifaa cha tatu ambacho hakitajwi kabisa, nacho ni kikata-umeme cha usalama, mara nyingi chenye kitufe chekundu chini ya kifuniko. Hapa ndipo themostati inaweza kuwa na hatia kweli, ila kwa namna ambayo watu hawaitarajii. Ndiyo, huweza kufa ikiwa imekata, na maji yasipate moto kabisa. Lakini pia ncha zake zinazogusana huweza kuungua zikashikana, umeme ukawa haukatiki tena. Maji yanapanda, yanapanda, mpaka kikata-umeme kinaingilia na kuzima kila kitu. Asubuhi unakuta baridi. Fundi anabonyeza kitufe, moto unarudi, anasifiwa, na baada ya muda mfupi mambo ni yaleyale. Dalili ilikuwa wazi: kabla ya kupoa, maji yalikuwa yanaunguza. Kuendelea kubonyeza kitufe hicho bila kutafuta kilichokifyatua ni kuchezea kifaa kinachokulinda.

Sasa shawa ya umeme, ile inayochemsha maji yakipita. Nyingi hazina hata themostati ya kupanga joto. Zina elementi, kikata-umeme, na swichi ya presha inayowasha mtambo maji yakiwa na nguvu ya kutosha. Presha ikiwa ndogo, haiwaki, na hakuna kilichoharibika. Ikiwa kubwa mno, maji hayakai na elementi muda wa kutosha: kilowati 5.5 huongeza nyuzi 20 hivi maji yakipita lita 4 kwa dakika, lakini yakipita lita 8 zinabaki nyuzi 10 tu. Anayefungua bomba lote halafu akalaumu themostati analaumu kitu ambacho huenda hata hakimo. Apunguze maji kwanza.

Na kama una hita ya tangi, kabla ya kumwita yeyote fungua bomba la moto la sinki. Likitoa moto huku shawa ikitoa baridi, hita yako ni nzima. Tatizo liko kwenye bomba la shawa lenyewe, pale moto na baridi vinapochanganyika.

Kwa hiyo ukimpigia fundi, mwambie ulichokiona: maji ni baridi kabisa au vuguvugu, yalianza moto yakapoa au hayakuwahi kupata moto, sinki linatoaje, siku iliyotangulia yaliunguza au la. Jina la kilichokufa mwachie yeye alitaje, akishapima.