Maji ya chumvi baada ya kung'oa jino

Hapa Bukavu, kuanzia Kadutu mpaka Ibanda, wengi tumelelewa na neno moja: ukitoka kung'oa jino, sukutua mara moja na maji ya chumvi ya moto, kwa nguvu, damu yote itoke.

Chumvi yenyewe haina kosa. Shida ni wakati na nguvu. Ile damu inayoganda kwenye shimo ndiyo kifuniko cha mfupa na mishipa, na fizi huanza kupona chini yake. Ukiitoa, maumivu makali huja siku 2 au 3 baadaye, hata kufika sikioni. Kwa hiyo saa 24 za kwanza usisukutue, usivute sigara, usinyonye kinywaji kwa mrija. Kisha nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji vuguvugu. Inamisha kichwa, yaachie yatoke yenyewe.

Jiangalie kwa kioo na tochi ya simu. Donge jekundu-jeusi ni zuri. Utando mweupe siku zinazofuata mara nyingi si usaha (mimi pia uliwahi kunitisha). Maumivu yakizidi baada ya siku ya 3, au homa ikija, rudi kwa munganga wa meno.